Mkwe Aliyegeukia Ukuta

Mchungaji, wazee wa kanisa, majirani wa Joubert Park, wafanyakazi wenzake kutoka Sandton, na nyinyi wengine mliokuja kuona tu jinsi watu wa aina yetu wanavyozikwa, karibuni.

Naitwa Angélique Kisimba, dada mkubwa wa marehemu, tumbo moja. Familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, nami nitasoma polepole na kwa maneno mepesi, kama nilivyowasomea watoto wa darasa la pili kule Kalemie kwa miaka mingi, kwa kuwa sehemu kubwa ya historia hii ilikwisha kusomwa mahakamani, wengi wenu mkiwa mmekaa palepale, na hamkuielewa. Mtoto asipoelewa tunarudia bila kumkaripia. Basi leo tunarudia.

Gustave Kisimba alizaliwa tarehe 9 Machi 1980 huko Manono, katika jimbo la Katanga la wakati ule, akiwa mtoto wa nne wa baba yetu, fundi wa mashine za mgodi, na mama yetu, mkulima wa mihogo. Alikuwa mtoto mkimya, mwenye mikono safi, na tangu utotoni alikuwa na tabia moja ambayo baadaye ilimgharimu, kwamba ukimpa sheria anaishika, na haulizi kama wenzake nao wanaishika.

Alianza shule ya msingi mwaka 1986 palepale Manono, akamaliza mwaka 1992, akaendelea na sekondari hadi vita vya mwaka 1998 vilipofunga shule na kututawanya. Alikimbilia kwangu Kalemie, na kwa kuwa shule hazikuwa na walimu wala madawati, alijifunza ushonaji kwa fundi mmoja wa sokoni, naye akawa fundi mzuri wa suruali za kiume, mtu wa kupima mara mbili na kukata mara moja. Mwaka 2006 alisafiri kwa mabasi na malori kupitia Zambia na Zimbabwe, akaingia Johannesburg tarehe 2 Oktoba, akapanga kitanda katika chumba cha watu sita hapa Joubert Park, mchana akishona kwenye kibaraza cha duka la Msomali, na kuanzia mwaka 2008, bila kuacha cherehani, akafanya kazi ya ulinzi katika jengo la ofisi kule Sandton, kazi aliyoifanya bila kuchelewa hata asubuhi moja, na wenzake waliopo hapa watanisuta nikidanganya.

Tarehe 18 Septemba 2010 alimwoa Murielle Numbi, binti wa Évariste Numbi na Orpha Mujinga, watu wa Manono kama sisi, ndoa ikafungwa katika kanisa hili. Mungu aliwajalia watoto wawili, Thierry, aliyezaliwa tarehe 6 Juni 2012, na Gaëlle, aliyezaliwa tarehe 20 Februari 2015. Watoto hawa wanazungumza Kizulu na Kiingereza, Kiswahili wanakisikia zaidi kuliko wanavyokisema, kwa hiyo mama yao atawafafanulia nyumbani yale nitakayosema sasa, na ninyi watu wazima mtajifafanulia wenyewe.

Hapa lazima nieleze desturi. Kwetu, mwanamume akishaoa, mama wa mke wake anakuwa mtu wa kuonewa haya. Hamtaji kwa jina, hali chakula mbele yake, hamkazii macho, na wakikutana mahali pembamba, mkwe anageuza uso pembeni mpaka mama apite. Kumtuhumu mama mkwe mbele za watu ni mwiko mkubwa zaidi, iwe kwa jina au kwa kuzungukazunguka, na wazee walitufundisha kwamba laana yake haimwangukii mkwe, inaangukia tumbo la mke wake. Lakini heshima hii ina pande mbili, na upande wa pili baadhi yenu mmeusahau kwa sababu unawahusu wakubwa. Mama mkwe akishampita mkwe aliyegeuka, yeye ndiye wa kumfungua, anasema kwa nyuma, “Mwanangu, nimepita,” ndipo mkwe anageuka na kuendelea na safari yake. Mama asiyesema hivyo amemwacha mtoto wa watu amefungwa pale alipo. Na siku mkwe anapotaka haya hiyo iondolewe, waongee na kula pamoja kama watu wengine, anapeleka kuku au mbuzi, na kitenge, nao wakwe wakila, mwiko umekwisha.

Gustave hakuwahi kulitamka jina la mama mkwe wake kwa karibu miaka kumi na mitano. Mimi si mkwe wake. Anaitwa Mama Orpha Mujinga, na amekaa kiti cha mbele, upande wangu wa kushoto, amevaa kitenge kipya.

Mama Orpha alifika Johannesburg mwaka 2004 na binti yake Murielle, akalieleza kanisa hili kwamba mume wake, Évariste, aliuawa vitani. Mlimlilia. Mlimpa nafasi ya kukaa katika nyumba ya ghorofa ya nne, mkampa uongozi wa kwaya ya wajane, mkampa kiti hichohicho cha mbele, na kila mwaka mlifanya ibada ya kumkumbuka Évariste, mkapika wali, mkala, mkaimba nyimbo tatu. Ukweli, ambao hata mimi niliyekaa Kalemie hiyohiyo nilikuja kuujua baadaye, ni kwamba Évariste alipatwa na kiharusi kule Kalemie, upande mmoja wa mwili ukalegea, na mke wake akamwacha kwa Emery, mdogo wa Évariste, siku ya soko, akisema anakwenda kununua mafuta ya mawese. Murielle wakati ule alikuwa kwa shangazi yake Lubumbashi, akafuatwa huko, akaambiwa baba amekwisha kufa na kuzikwa. Mlikuwa mkila wali wa matanga ya mtu ambaye, saa hiyohiyo, alikuwa akila ugali kwa mkono wa kushoto katika ua wa mdogo wake. Sijui kama mliona ladha yoyote.

Mwezi wa Aprili 2014 Emery Numbi alifika Johannesburg. Mama Orpha alimpokea kwa vigelegele mbele za watu, akampa godoro sebuleni. Emery alikuwa na simu, na ndani ya simu mlikuwa na sauti ya Évariste akimsalimu binti yake. Siku ya Alhamisi, tarehe 8 Mei, alipita kibarazani kwa Gustave kurekebisha suruali, akamwambia akicheka, “Mkwe, Jumapili naleta habari nzuri kwa bibi yako Murielle. Itauma mtu mmoja tu.” Gustave akamwuliza nani, Emery akajibu, “Wewe shona, eish, kazi ya fundi haiko kuuliza.” Hicho ndicho kitu cha mwisho alichomwambia.

Siku ya Ijumaa, tarehe 9 Mei 2014, jioni, lifti ikiwa imekufa kama kawaida yake, Gustave alikuwa akipanda ngazi za jengo alilokaa Mama Orpha, kumpelekea Emery ile suruali. Kati ya ghorofa ya pili na ya tatu aliona mtu anashuka mbio, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, akamtambua, na papo hapo akafanya alichofundishwa tangu akiwa kijana, akasimama, akageukia ukuta. Huyo mtu akapita nyuma yake. Hakusema, “Mwanangu, nimepita.” Gustave alibaki ameutazama ukuta kwa muda, akingoja kufunguliwa, kama mtoto aliyesahauliwa kwenye kona ya darasa na mwalimu aliyekwenda zake nyumbani. Mwishowe alipanda, akamkuta Emery amelala chini ya ngazi za ghorofa ya nne, kichwa kimepasuka kwenye chuma cha ngazi, akamwinua kifuani, akapiga kelele. Majirani walipofungua milango walimwona mtu mwenye damu mikononi, na hawakuhitaji kufikiri zaidi ya hapo. Simu ya Emery haikuonekana tena.

Gustave alikamatwa, akaachiwa kwa dhamana, na kesi ikasikilizwa mwezi wa Februari 2015. Wengi wenu mlikuwapo, kwa hiyo nitawakumbusha tu. Mama Orpha aliwaambia polisi kwamba jioni ile alikuwa mazoezini na kwaya, na mama sita wa kwaya ya wajane wakatikisa vichwa kukubali. Akina mama hao wamo humu leo, wamependeza, wamekaa mstari wa pili. Sitawauliza alifika mkiwa kwenye wimbo wa ngapi, wala kwa nini alikuwa anahema, kwa sababu mnajua, na mlijua siku ile, na mlipanda basi pamoja kwenda mahakamani mkigawana maandazi.

Tarehe 4 Februari Gustave alipanda kizimbani. Mkalimani alikuwa kijana Mtanzania, hodari, hakukosea hata neno, kwa hiyo msitafute kisingizio huko. Mwendesha mashtaka akamwuliza kwa nini hakumwona mtu aliyeshuka, Gustave akajibu kwamba alimwona, kisha akageukia ukuta. Mwendesha mashtaka akasema, “Bwana Kisimba, wewe ni mlinzi, unalipwa kutazama watu. Siku hiyo moja ukaamua kutazama rangi?” Mahakama ikacheka. Nawakumbuka mliocheka, kwa kuwa nilikuwa nimesafiri siku nne kufika pale na sikuwa na jambo jingine la kufanya ila kuwaangalia. Akaulizwa, “Ni nani huyo?” Akajibu, “Ni mtu ambaye mimi simtaji.” Akaulizwa, “Humtaji au humjui?” Akajibu, “Namjua sana. Simtaji.” Hakimu, ambaye hakuwa mtu mbaya, alikuwa tu mtu mwenye haraka, akamweleza kwamba kunyamaza kwake kunaweza kumdhuru, akamwuliza kama anaelewa. Gustave akasema, “Naelewa, Mheshimiwa. Ningojeeni kidogo.” Hakimu akauliza anangoja nini. Gustave akasema, “Nangoja salamu.”

Mkalimani akafasiri. Hakimu akaandika kitu. Mtu mmoja tu humo ndani, mbali na mimi, alijua ni salamu gani inayongojwa. Alikuwa amekaa safu ya pili, kitabu cha nyimbo mapajani, umbali wa meza mbili za shule kutoka kizimbani. Alifungua kitabu, akatafuta ukurasa, akaupata, akasoma.

Wapo wenye akili nyingi waliosema baadaye kwamba Gustave alikuwa mjinga, angesema tu, “Ni mama wa mke wangu,” akaenda zake nyumbani. Murielle siku hiyo alikuwa na mimba ya miezi minane ya Gaëlle, na alikuwa amelazwa kwa sababu ya presha. Gustave aliamini yale aliyofundishwa. Ninyi mnaoona kuamini hivyo ni ushamba, niambieni mnachoamini ninyi, maana nimekaa nanyi miezi hii mitatu na bado sijakiona. Mimi mwenyewe nilimwendea Mama Orpha jioni hiyo, nikapiga magoti kwenye zulia lake, nikamwomba atamke maneno mawili tu. Akaniambia, “Mwalimu, rudi kwenye chaki yako. Huyo mtoto wenu, kama ana heshima, aimalizie huko alikoianzia.”

Tarehe 19 Machi 2015 Gustave alihukumiwa kifungo cha miaka kumi na miwili kwa kumuua Emery Numbi. Jumapili iliyofuata kanisa lilimwondoa Murielle katika kwaya ya vijana, kwa kuwa mke wa muuaji hawezi kusimama mbele, na likamweka mama yake katika kamati ya kufariji waliofiwa. Nadhani mtakubali kwamba alikuwa na uzoefu.

Gerezani Gustave alifundisha vijana kushona, akajifunza Kizulu, akaugua figo mara ya kwanza mwaka 2019, na aliachiwa kwa masharti tarehe 12 Agosti 2022. Kazi ya ulinzi hakuipata tena, kwa sababu hakuna jengo Sandton linalompa funguo mtu mwenye hukumu ya mauaji, akarudi kwenye cherehani. Mwezi huohuo alimpelekea mama mkwe wake kuku na kitenge, kwa mkono wa mzee mmoja wa kwetu, ili mwiko uondolewe na waweze kuzungumza. Kuku alirudi mzima. Kitenge kilirudi na ujumbe, “Mkwe mwema hana haraka.” Mwaka uliofuata alipeleka tena, vikarudi tena, na Jumapili yake Mama Orpha akasimama hapa mbele akatoa ushuhuda kuhusu vijana wa siku hizi wanaotaka kuzoeana na wakubwa, nanyi mkapiga makofi. Mara ya tatu alirudisha bila hata kufungua mlango. Hakuna aliyejiuliza kwa nini mama wa watu anaogopa kuku.

Mwezi wa Novemba 2024 binamu ya Murielle aliyeko Kalemie alimtumia video kwenye simu. Ilikuwa ya mzee ameketi kwenye kiti cha plastiki, mkono mmoja umekunjamana, anasema taratibu, kwa ulimi mzito, “Murielle, mimi ni baba yako. Niko. Emery alikuja kukwambia.” Murielle aliitazama jikoni, sufuria ikaungua, majirani wakaja kugonga mlango kwa ajili ya moshi. Alipomwonyesha mama yake, Mama Orpha alisema mjini kumejaa matapeli, kwamba sauti hutengenezwa, sura hutengenezwa, na kwamba binti anayemfufua marehemu baba yake anatafuta kichaa. Baadhi yenu mlikuja nyumbani kumwombea Murielle pepo huyo amtoke.

Gustave wakati huo alikuwa akisafishwa damu mara tatu kwa wiki na hakuwa na nguvu ya kupanda ngazi, lakini alikuwa na nguvu ya kufikiri. Alinipigia simu Kalemie akasema, “Dada, mzee akiwa hai, ukwe wote ni wa kwake. Mpelekee yeye mbuzi.” Ndivyo ilivyo kwa desturi yetu, baba wa mke akiwapo, yeye ndiye mpokeaji, na nilijilaumu kwamba ilibidi mgonjwa anikumbushe. Nilinunua mbuzi, nikaongeza kitenge, tukaenda wanne wa upande wetu hadi kwenye ua wa Évariste siku ya Jumamosi, tarehe 15 Machi 2025. Mzee alikula vipande viwili kwa mkono wake wa kushoto, akatafuna muda mrefu, akanawa, akasema, “Mkwe wangu asione haya tena. Aseme na mtu yeyote, juu ya mtu yeyote.” Tuliinuka pale mwiko umekwisha.

Nilisafiri kuja hapa. Jumapili, tarehe 23 Machi, saa za kutembelea wagonjwa, Mama Orpha alikuja hospitali alikokuwa amelazwa Gustave, na wenzake wawili wa kamati, kama alivyokuwa akija kila mwezi, kusimama mlangoni huku Gustave ameelekeza uso ukutani, kumwombea kwa sauti kubwa ili wodi nzima isikie. Nilimwambia kwa adabu kwamba mume wake amekula mbuzi. Aliniuliza, “Mbuzi gani?” Nikamwambia mbuzi wa kuondoa haya. Alisahau kwamba mume wake amekufa. Alisahau matapeli, alisahau sauti za kutengenezwa, akapiga kelele, na wodi nzima ilisikia kama alivyopenda siku zote, “Nani alimpa Évariste ruhusa ya kukula ile mbuzi? Munajua mumefanya nini? Sasa huyu atanisema! Mumenifungulia mulango ya gereza!”

Walisikia wanakamati wawili, walisikia wauguzi wawili, nilisikia mimi, alisikia Murielle aliyekuwa ameshika bakuli la uji. Gustave aligeuza uso kutoka ukutani, akamtazama mama mkwe wake machoni kwa mara ya kwanza tangu siku ya ndoa, akamwambia kwa upole, kama mtu anayeuliza habari za nyumbani, “Mama Orpha, ulipita.” Mama Orpha aliondoka akiwaacha wenzake, na nasikia walirudi kwa teksi bila kuzungumza, jambo ambalo kwa kamati ile ni la ajabu.

Tarehe 2 Aprili 2025, mbele ya wakili wa msaada wa sheria na shahidi wa hospitali, Gustave alitoa maelezo ya kiapo kuhusu jioni ya tarehe 9 Mei 2014, akamtaja mtu aliyemwona kwenye ngazi kwa jina lake kamili. Wauguzi wote wawili nao waliapa. Wale wanakamati wawili waliombwa, wakasema masikio yao ni ya wazee. Ombi la kufuta hukumu lilipelekwa mahakamani, na tarehe ya kusikilizwa ikapangwa kuwa Jumatano, 16 Julai. Gustave aliwekea tarehe hiyo alama kwa uzi mwekundu kwenye kalenda ya ukutani, akaacha kula chumvi kama daktari alivyotaka, akawa mgonjwa mtiifu kuliko wote wodini, kwa sababu alitaka kufika.

Hakufika. Hali ilibadilika mwanzoni mwa Juni, mapafu yakajaa maji, na alifariki siku ya Jumatano, tarehe 11 Juni 2025, asubuhi, Murielle akiwa ameshika mkono mmoja na mimi mwingine, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitano. Kwa hiyo mnapaswa kuelewa tunachokifanya leo, Jumamosi ya tarehe 21. Kwa mujibu wa mafaili ya nchi hii tunamzika muuaji. Watoto wake ni watoto wa muuaji, na shuleni kwao wapo watoto waliokwisha kuwaambia hivyo, kwa kuwa watoto hurudia wanayoyasikia kwa wazazi wao wakitoka kanisani. Wakili anasema ombi linaweza kuendelea hata bila yeye, lakini limepungukiwa, maana upande wa pili utadai kwamba sababu yote ya mauaji, yaani mume aliye hai, ni hadithi ya mgonjwa na video ya matapeli. Juzi wazee wawili walinijia wakaniomba historia hii niisome bila “mambo ya kesi,” kwa ajili ya amani. Niliwaambia kwamba nikitoa mambo ya kesi ninabaki na mtu aliyezaliwa, akashona suruali, akafa, na huyo si mdogo wangu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, hasa wale wawili waliokubali kuapa, ambao si watu wa kwetu wala wa kanisa letu, na labda ndiyo sababu. Tunawashukuru majirani wa ghorofa ya tano waliobeba maji, waliobeba mgonjwa, na mwishowe waliobeba jeneza kwa ngazi. Tunawashukuru walinzi wenzake wa Sandton, ambao kwa miaka yote ile walimtembelea gerezani kwa zamu, wakisaini daftari la mlangoni kama wako kazini. Tunamshukuru Msomali mwenye duka, aliyemtunzia cherehani yake chini ya kaunta hadi aliporudi, bila kuiuza na bila kuizungumzia. Kwa kamati ya faraja, asanteni kwa maua.

Limebaki jambo moja la utaratibu. Jana jioni liliingia basi kutoka Lusaka, na ndani yake kulikuwa na mzee aliyesafiri kutoka Kalemie kwa meli na kwa mabasi akiongozwa na kijana wa jirani, mzee mwenye fimbo, mkono wa kulia umekunjamana. Alisema alishindwa kumlea binti, alishindwa kumzika ndugu, basi atamzika mkwe, kisha atabaki hadi tarehe 16 Julai, asimame mbele ya hakimu ili hakimu amwone. Tangu asubuhi amekaa kule nyuma karibu na mlango, kwenye benchi la wageni, na wengi wenu mmempita mkidhani ni ombaomba. Baba Évariste Numbi, simama. Chukua muda wako.

Nyinyi mliomwimbia nyimbo tatu kila mwaka, geukeni mmwone.

Mzee hawezi kukaa benchi lisilo na mgongo, na nafasi ya baba wa mjane ni mbele. Mama Orpha, tafadhali mpishe mume wako.

Gustave, mdogo wangu, lala. Umefanya zamu yako yote. Sisi tuliobaki bado tuna kesi.